Kitufe Kwenye Kiti Kitupu

Rafiki yangu, fundi saa, aliingia kwenye kibanda cha kupimia masikio huku mpimaji akimtania: “Mzee, ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Na usibahatishe, hii si bahati nasibu!” Nje ya kioo, binti yake akacheka.

Fundi alikusudia kutobonyeza hata mara moja. Usiku mkewe alipofariki, alimwita fundi kwa kugonga kikombe kwa kijiko. Fundi alimsikia, akajifunika shuka. Watoto aliwaambia hakusikia kitu, masikio yake yamechoka, na binti, kwa huruma, akamleta kupimwa.

Taa ikazimwa. Milio ikaja, ikafifia hadi ikawa nyembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Na baada ya kila mlio, kando yake kabisa, kitu kikalia: tik.

“Hongera, mzee,” mpimaji akasema alipofungua mlango. “Masikio mazima. Umebonyeza kila mlio, hata ile ambayo vijana huikosa.”

Binti hakucheka tena.

Kesho yake asubuhi fundi alimkalisha jikoni. “Mwanangu, nilimsikia mama yako,” akamwambia. Jambo moja tu lilimshinda kulisema. Kitufe hakukigusa. Tangu mlango ulipofungwa alikuwa amekiweka kwenye kiti kitupu kilichokuwa kando yake mle kibandani, upande aliozoea kukaa mkewe.