Mabati ya Roseline

"Kaka, unanunua misumari ama unatafuta bibi?"

Lynnet alikuwa amesimama kwenye foleni ya duka la Hamud, mjini Migori, na gauni lake la manjano lilianza kulowa jasho. Kijana mrefu aliyekuwa mbele alikuwa akikagua misumari mmoja mmoja.

"Nikipata asiyepinda, naoa leo," akajibu.

Lynnet akacheka bila kupenda. Kijana aliitwa Cephas, fundi wa kanisa moja la Homa Bay, na kazi yake ilikuwa kuwaezekea wajane nyumba. Hazikupita wiki nyingi, simu ya posta ikawazoea.

"Jaber wangu, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, ama unatafuna mabati?"

Mwaka huo, 1996, wafadhili wazungu waliokuwa wakiilipia kazi hiyo walifunga mizigo wakarudi kwao. Kamati ya kanisa ikaamua kazi ya wajane ife. Cephas alikataa katakata. Akaomba mabati makuukuu kwa waumini, akapanda juu ya nyumba ya Roseline, aliyefiwa na mumewe na ambaye hakuwa amerithiwa bado, yaani kuchukuliwa kuwa mke na ndugu wa marehemu. Kwa Wajaluo, mwanamume akigusa paa la mjane wa namna hiyo, amemrithi. Uvumi ukafika Migori kabla ya jioni.

"Umemrithi?" Lynnet akauliza kwenye simu.

"Nimemwezekea."

"Kwetu ni kitu kimoja. Usijifanye mgeni."

"Watoto wake wananyeshewa, Lynnet. Ningengoja nani?"

Lynnet akamkatia simu. Alilia, akapiga pasi gauni lile la manjano, kisha akaenda Homa Bay kumtukana ana kwa ana.

Alimkuta juu ya paa lililobaki wazi nusu. Chini, mzee Nashon wa kamati alikuwa anafoka: "Shuka, ama umwoe! Unaliaibisha kanisa."

Lynnet akaona magodoro ya watoto yameanikwa uani, yakichuruzika maji. Hasira yake ikamtoka Cephas, ikamgeukia Nashon. Akavua viatu, akashika ngazi.

"Binti, mwanamke hapandi paa," Nashon akasema.

"Mimi napanda. Sasa semeni nami nimemrithi Roseline."

Wanawake wa jirani waliangua kicheko.

"Nilidhani umeniacha," Cephas alinong'ona Lynnet alipomfikia.

"Nimekuja kukutukana. Nitakutukana tukimaliza."

"Nije kwenu kukuposa?"

"Njoo. Lakini siku utakayosema kazi hii iliondoka na wazungu, nami naondoka."

"Haiondoki."

"Basi lete nyundo."

Roseline, ambaye siku zote hizo hakuna aliyemuuliza neno, alikuwa ameshaanza kupanda ngazi akisukuma bati lake mwenyewe.