Kanisa Sebuleni kwa Mzee Randa

Miaka ile, seremala mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Randa alikuwa akifunga karakana mapema kila Jumamosi ili apige pasi shati la kanisani. Mkewe alimtania kwamba shati hilo linanukia vanishi kuliko sabuni. Mzee Randa alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao lilikuwa kubwa. Watu waliingia, wakaimba, wakatoka, kila mmoja akashika njia yake.

Yeye alikumbuka enzi nyingine. Utotoni mwake hapakuwa na jengo. Waumini walikusanyika chumbani kwa mama yake, wakaketi kitandani, juu ya ndoo zilizopinduliwa, hata kizingitini. Walijuana kwa majina na kwa shida zao. Alipowaza hayo, alitikisa kichwa na kuendelea na kazi.

Siku moja alikwenda kununua mkate kwa mama muoka mikate wa mtaa wa pili. Akamuuliza mbona siku hizi haonekani ibadani. Mama yule aliendelea kufunga mikate kwenye karatasi.

"Mume wangu alifariki, Mzee Randa," akasema. "Nilimzika na majirani. Kutoka kanisani hakuja mtu."

Mzee Randa alikuwa ameketi benchi moja na marehemu Jumapili nyingi, wala hakujua anakoishi. Alimpa pole, akaomba radhi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mkate aliusahau kulekule.

Wakati huo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amewatembelea. Alikuwa nesi katika mji mwingine. Alisikiliza habari hiyo yote, kisha akasema:

"Shemeji, kanisani mnatazamana visogo. Nyumbani mtatazamana usoni."

Akawaeleza walivyoanzisha kikundi cha ibada cha nyumbani huko kwao. Kwanza walizungumza na mchungaji, kwa sababu kikundi cha nyumbani ni kiungo cha kanisa, si mpinzani wake. Walialika watu wachache wanaokaa karibu. Walisoma mistari michache, wakaizungumza, wakaombeana. Kiongozi aliuliza maswali, hakuhubiri. Kila mara kiti kimoja kiliachwa wazi kwa jirani mgeni. Tena tangu mwanzo walimwandaa mtu wa kuongoza kikundi kingine, sebule itakapojaa.

Mzee Randa alimwendea mchungaji wao, naye akakubali kwa furaha. Mzee Randa akaenda mwenyewe kumwalika mama muoka mikate. Mama alisita sana, lakini alikuja.

Jioni ya kwanza iliharibika. Mzee Randa alishika Biblia, akahubiri mpaka chai ikapoa na mjomba wake, mmoja wa walioalikwa, akaanza kukoroma. Wageni walipoondoka, mkewe alimwambia taratibu, "Baba watoto, uliwaita waje waseme, ukawafunga midomo."

Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyapokea. Wiki iliyofuata aliuliza swali moja tu, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu. Alitamani kukijaza, akajikaza. Hatimaye mama muoka mikate akafungua kinywa. Alisema kwamba jioni ndizo zinazomshinda. Bado anapakua sahani mbili, halafu anarudisha moja.

Hakuna aliyemhubiria. Mke wa Mzee Randa alisogea akamshika mkono. Kuanzia hapo walipokezana kwenda kula naye. Mzee Randa akamtengenezea mlango wa duka uliokuwa umelegea.

Mambo hayo majirani waliyaona. Dereva mmoja wa lori, ambaye hakuwa mtu wa kanisa kabisa, alikuja kuketi kwenye kile kiti cha wazi. Alisema anataka kujua ni watu gani hawa wanaopikiana. Akarudi tena, akamleta mkewe. Sebule ikabanana, magoti yakagusana, vicheko vikasikika mpaka njiani. Mzee Randa alijiona amerudishwa chumbani kwa mama yake.

Ndiyo maana siku ya kukigawanya kikundi ilimuuma. Alitafuta visingizio, akaahirisha, akaahirisha tena. Mwishowe mama muoka mikate, ambaye Mzee Randa alikuwa akimwandaa kuongoza kikundi kingine, alimwambia, "Mtaani kwangu wapo wengine wanaokula peke yao. Hapa hawataenea."

Mzee Randa akakubali. Walimwombea, wakamruhusu aende na nusu ya wenzao.

Siku hizi nyumba zenye vikundi ni nyingi, na Jumapili watu huchelewa kuondoka kanisani kwa kusalimiana. Lakini Mzee Randa huikumbuka zaidi ile jioni ya kwanza baada ya kugawanyika. Mkewe alitoa vikombe vichache. Sebule ilionekana pana kupita kiasi, naye akawa na huzuni. Ndipo kutoka mtaa wa pili ukaja wimbo, sauti chache zisizolingana, na sauti ya mama muoka mikate ikitangulia.

Alisikiliza mpaka ubeti ukaisha. Kisha akavuta kiti kimoja, akakiweka karibu na mlango, kikiwa wazi.