Mkufu Uliotoweka Kwenye Kopo

Katika mtaa wao wa Tunduma hakuna aliyehitaji jogoo wa kumwamsha. Malori yaliyosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia yalianza kunguruma kabla jua halijachomoza, na hapo Naila aliamka, akakunja shuka lake, akatoka kufagia uwanja. Akifika nje, alimkuta Sekela amekwishawasha jiko la mkaa na chai inachemka. Ilikuwa hivyo karibu kila siku. Bibi hakuacha kumsifu Sekela kwa jambo hilo, tena mbele za watu, na kila alipomsifu, Naila alinuna mpaka saa ya chakula cha mchana.

Sekela hakuwa ndugu yao. Kwao ni kijiji cha Ruanda, huko Mbozi kwenye mashamba ya kahawa. Mwaka uliotangulia, lori la baba yake Naila liliharibika karibu na kijiji hicho. Mzee Jairo, baba yake Sekela, alimkaribisha dereva huyo asiyemjua, akamlaza na kumlisha wiki nzima bila kudai chochote. Urafiki wa wazee hao ulianzia hapo. Shule ya kijijini haikuwa na mwalimu wa hisabati, kwa hiyo Sekela akaletwa Tunduma amalizie darasa la saba. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Hata likizo hii alikwenda shuleni kila asubuhi kwa masomo ya ziada.

Naila, aliyekuwa darasa la sita, hakuwaza mitihani. Aliwaza harusi. Mama yake mdogo, Fauzia, alikuwa anaolewa Tanga, na Jumamosi alfajiri Naila, Bibi na mama yake, Mwanakombo, wangepanda basi kwenda huko. Baba alikuwa safarini na lori, angewakuta hukohuko. Sekela angebaki kwa jirani ili asikose masomo.

Jambo kubwa katika safari hiyo lilikuwa mkufu. Ulikuwa wa dhahabu, mzito, wenye vijani, yaani vipambo vidogo vyenye umbo la jani, vinavyoning'inia vitatuvitatu. Kila binti wa ukoo wao aliuvaa siku ya ndoa yake, kisha ukatunzwa na dada mkubwa mpaka zamu ya mwingine ifike. Bibi aliuvaa, Mwanakombo aliuvaa, na sasa ilikuwa zamu ya Fauzia. Bi harusi kutoka bila mkufu huo ingekuwa aibu isiyosahaulika.

Alhamisi alasiri Mwanakombo alifunga mapema kibanda chake cha vitenge, akamwita Naila chumbani amfundishe kupanga vito vya safari. Sekela alikuwa mlangoni anakunja nguo, akaruhusiwa kutazama. Kila kitu kilikuwa na namna yake. Cheni nyembamba ilipitishwa ndani ya mrija wa soda, kisha ikafungwa kishikizo chake, ili isijisokote mafundo njiani. Herini zilichomekwa kwenye matundu ya kifungo kikubwa cha koti ili pacha zisiachane. Kila bangili ilivikwa soksi ya mtoto mchanga isikwaruze wenziwe. Mkufu ulikunjiwa kitambaa laini cha hariri, ukalazwa chini kabisa ya kopo tupu la maziwa ya unga. Vingine vikafuata juu yake, kisha pamba.

"Na dhahabu ya safari," mama akasema akifunika kopo, "inajuliwa na mtu mmoja tu iliko. Huyo ndiye anayeificha, na hafungui mdomo mpaka tufike. Hivyo ndivyo Bibi yako alivyonilea."

Naila aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja. Jicho lake lilikuwa kwa Sekela. Mbona msichana huyu aliomba kuushika mkufu kabla haujafungwa? Mbona aliugeuzageuza, akavihesabu vijani vyake huku midomo ikicheza? Mtu anahesabu mali isiyo yake ya nini? Walipotolewa nje ili mama alifiche kopo peke yake, Naila akajiambia kwamba lipo jambo.

Ijumaa asubuhi Bibi alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuhani msiba wa rafiki yake. Sekela alifagia chumba cha mama kama kawaida yake. Naila alipopita koridoni alimkuta mlangoni, ufagio mkononi, anafunga kitu harakaharaka kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Alipomwona Naila alishtuka, akatabasamu, akaenda zake shuleni.

Saa nne Mwanakombo alitaka kuupangusa mkufu mafuta ya mikono. Akafungua kopo. Bangili zilikuwamo, herini zilikuwamo, mrija wenye cheni ulikuwamo. Kitambaa cha hariri kilikuwa mahali pake, kimekunjwa vizuri kabisa, na ndani yake hamna kitu.

Walipekua chumba kizima. Godoro liligeuzwa, mabegi yakamwagwa, pipa la unga likatiwa mkono hadi chini. Mwanakombo akakaa sakafuni, jasho linamtoka, akauliza taratibu ni nani aliyeingia chumbani humo.

"Sekela," Naila akajibu upesi. "Alifagia."

"Anafagia kila siku. Kufagia si kuiba."

Hapo ndipo Naila alipoteleza. Alikuwa na hakika moyoni, lakini macho yake hayakuwa yameona lolote zaidi ya kitambaa cha kichwa. Akaona hakika yake ni haba, akaitia chumvi. "Nilimwona ameshika kopo, mama. Alikuwa amelifungua."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Mwanakombo hakuuliza tena. Aliinuka, akarudisha vitu kwenye mabegi, uso umemshuka. Kutafuta kukaishia hapo.

Sekela aliporudi mchana aliulizwa. Alisema hakuligusa kopo. Akaulizwa mara ya pili, kwa ukali, naye akajibu vilevile bila kuongeza neno. Mwanakombo alimwambia kwamba Mzee Jairo anakuja jioni hiyo kuleta maharage na kahawa kwa ajili ya harusi, na kama mkufu haujaonekana hadi atakapofika, basi ataondoka na mtoto wake.

Kwa Sekela, kurudi Ruanda mwezi wa saba kulikuwa na maana moja: mtihani amekwishaukosa, na jina la mwizi litamfuata mpaka kijijini.

Alianza kukusanya vitu vyake. Naila alisimama mlangoni akimchunga kama askari wa forodha. Kila kitu sasa kilimtia shaka. Kwa nini anakunja sketi polepole? Kwa nini halii? Mtu asiye na hatia si angelia? Sekela alipokwenda msalani, Naila akakimbilia kitandani kwake akapapasa mto, akachungulia ndani ya viatu, akatikisa hata daftari la hisabati. Hakupata kitu. Badala ya kutulia, akazidi kushuku, akajiambia kwamba basi huyu ni mjanja kuliko alivyodhani.

Sekela alimkuta ameshika kiatu.

"Naila," akasema, "uliniona wapi na kopo lile?"

Naila alikiweka kiatu chini akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatamani aliyoyasema yangerudi mdomoni.

Mzee Jairo alifika baada ya swala ya alasiri, gunia begani, vumbi la Mbozi hadi kwenye kope. Alipopewa habari alitua gunia taratibu, akaomba maji, akanywa. Hakufoka. Alisema tu kwamba mtoto wake hatatoka katika nyumba hiyo na begi lililofungwa, kwa sababu likiondoka limefungwa maneno hayataisha maisha. Litafunguliwa hapo uwanjani, mbele ya wote.

Sekela akatoa kimoja kimoja: sare, sketi, madaftari, sabuni, Biblia ndogo. Mwisho akakifungua kitambaa cha kichwa. Naila alijongea, macho yamemtoka. Ndani ya pembe ile kulikuwa na shanga za rangi ya manjano, zimetungwa kwenye uzi, zinaning'inia tatutatu. Bangili ya shanga, imefika nusu.

Sekela alieleza akiangalia chini kwamba aliuhesabu mkufu ili aige mfano wake. Alitaka kumtungia Naila kitu cha kuvaa harusini, na kwa kuwa ilikuwa siri, alikificha kila Naila alipotokea.

Shanga hazikuonyesha mkufu uko wapi, na Mwanakombo alijua hivyo. Hapo lango likasukumwa, Bibi akaingia kutoka Nakonde, akilalamikia foleni ya mpakani. Akaona begi limemwagwa.

"Kuna nini? Mbona vitu vya mtoto viko nje?"

Akaambiwa. Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi juu ya gunia la maharage.

"Mwanangu, mkufu ninao mimi," akasema. "Yaani anao Naila."

Akaagiza aletewe gauni jipya la Naila la kusafiria, lile lenye upindo mpana. Akaligeuza, akafumua uzi kwa meno, akachomoa mkufu kutoka ndani ya upindo, mzima, vijani vyake vyote vikimeta. Alieleza kwamba Alhamisi, wao walipokuwa wanakula chakula cha jioni, yeye aliingia chumbani, akaona kopo ndilo kitu cha kwanza ambacho mwizi wa stendi angekibeba. Zamani zao dhahabu ilisafiri kwenye upindo wa gauni la mtoto, kwa kuwa hakuna anayempekua mtoto. Basi akaushona humo, akanyamaza kwa kuwa anayeficha hasemi. Na Mwanakombo, aliyefundishwa kanuni hiyohiyo na mama huyohuyo, alidhani mwenye siri ni yeye peke yake.

"Mngeniuliza Nakonde kwa simu ya mtu yeyote," Bibi akasema, "ningewaambia kwa neno moja. Kwa nini hamkunitafuta?"

Mwanakombo aligeuka polepole akamtazama binti yake. "Kwa sababu kulikuwa na shahidi," akajibu.

Naila alitamani ardhi ipasuke. Hakukuwa na pa kukimbilia, maana wote wanne walikuwa wanamtazama. Akasema kwa sauti ya kukwama kwamba hakumwona Sekela na kopo. Alimwona mlangoni tu. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba alichoka kusikia Sekela akisifiwa. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Mwanakombo alimwomba Mzee Jairo msamaha, kisha akamgeukia Sekela akamwomba msamaha na yeye, mtu mzima kwa mtoto, kwamba aliamini upesi. Bibi naye akakiri kosa lake, akasema kanuni ya kuficha imekuwa ya kizee, na kuanzia leo dhahabu ya ukoo itajuliwa na watu wasiopungua wawili. Jairo alimwachia mwanawe aamue. Sekela alifikiri kidogo, akasema atabaki afanye mtihani. Aliomba jambo moja: siku kitu kingine kikipotea, asiwe yeye wa kwanza kushukiwa. Mwanakombo akaahidi.

Jumamosi alfajiri Sekela na baba yake waliwasindikiza stendi na mabegi. Kabla ya kupanda basi Naila alimshika Sekela mkono, akamwomba radhi, maneno yakimtoka kwa kwikwi.

"Nimesikia," Sekela akasema. Akauachia mkono ule taratibu, akamsaidia Bibi kupanda ngazi.

Basi lilipoanza kupanda milima kuelekea Mbozi, Naila alimuuliza mama yake kwa nini Sekela hakusema amesamehe.

"Kusikia na kusamehe ni vitu viwili," mama akasema. "Jana kama ungesema ulichokiona tu, tungeendelea kutafuta, tungemuuliza kila mtu, na Bibi yako tungempata kabla ya adhuhuri. Ulipoongeza neno lako moja la uongo, sote tuliacha kutafuta tukabaki na mwizi. Kushuku kunampata kila mtu, mwanangu, hata mimi. Lakini ukishuku, uliza. Usitoe ushahidi wa jambo ambalo macho yako hayakuliona. Mkufu ulipotea siku moja, tukaupata. Imani ya mwenzako umeipoteza wewe, na hiyo siwezi kukusaidia kuitafuta. Utaitafuta mwenyewe, kila siku, tukirudi."

Naila aliinamisha kichwa. Aliweka mkono juu ya upindo wa gauni lake, mahali Bibi aliposhona tena mkufu mbele ya wote, akalia kimya kimya hadi mji wa Vwawa.