Kilio cha Nyumba ya Kamate

Siku ile Orpa na jirani yake Kaswera walikuwa wanapalilia maharagwe nyuma ya nyumba zao, pale Butembo, jua la saa sita kichwani, wakamsikia Kaswera analia ndani ya nyumba yake. Kaswera huyohuyo, jembe mkononi, mdomo umefungwa.

"Yoo! Ni sauti yako ile," Orpa akanong'ona.

"Niko hapa, Mama Orpa. Na nyumba nilifunga mimi mwenyewe."

Wakasogea mpaka mlangoni. Harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi linalochimbwa, ilipita chini ya ubao. "Munisaidie, ananiua!" sauti ikalia, na Kaswera akarudi nyuma, maana maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe juzi, neno kwa neno.

Mtaa mzima ulijua kwamba Kamate, mume wake, mpasua mbao, alikuwa anampiga. Tulijua, tukasema ni mambo ya nyumba ya watu. Aibu yetu hiyo! Orpa peke yake ndiye aliyekuwa na dawa: akisikia kipigo, anachukua kigae, anabisha hodi kuomba makaa ya moto, anaketi, anaongea habari za mvua, wala haondoki mpaka Kamate apoe. Ni hivyo tu Kaswera alivyofika hai mwaka ule wa sitini na tano.

Habari ya sauti ilipoenea, Ésaïe, mwinjilisti wa kanisa letu, akatukusanya.

"Munakumbuka mwaka jana, wakati ya Basimba?" akasema. Hao ni wale waasi waliotupitia. "Walitanguliza mama alie inje, mwenye kufungua mulango akakufa. Donc, hii shetani iko vilevile. Sauti ya ile nyumba, hapana kuitika. Hata mutu moja!"

Waasi tuliwaepuka kwa kufunga milango, basi tukamwamini. Hata Orpa alimwamini, akaweka kigae chake kando.

Kamate naye alisikia. Jioni aliporudi akatia komeo, akavua mkanda.

"Lia sasa," akamwambia mke wake. "Lia sana. Banafikiri ni shetani."

Kaswera alilia, na hakuna aliyekuja.

Alifikiria kukimbia. Lakini alishakimbia mara moja kwa baba yake kule Kirumba, na baba yake akamrudisha mwenyewe, akivuta mbuzi wa kumpoza mkwe roho. Basi akabaki, na sauti ikabaki naye, ikahama kutoka pembeni hadi chini ya kitanda, harufu ya udongo ikaingia kwenye bukari, ugali wao, na kwenye maji ya kunywa, na polepole akatambua kwamba sauti hairudii tena yaliyopita bali inayatangulia yanayokuja, kwa sababu ililia "Mukono yangu!" asubuhi, na jioni Kamate akamvunja mkono wa kushoto, na Jumanne iliyofuata, mchana, ikalia kidogo tu, ikakoroma, ikakatika, na nyumba ikawa kimya kabisa.

Kaswera akashuka mtoni, mkono umefungwa kitambaa, akamkuta Orpa anateka maji.

"Mama Orpa, ile sauti leo ilikufa," akanong'ona. "Ilinyamaza. Mimi nitanyamaza hii jioni."

"Mais... lakini Ésaïe alisema..."

"Ukisikia, ukuye. Hata kama unajua ni shetani, ukuye."

Orpa akajitwika maji yake, akaondoka. Aliogopa, na mimi simlaumu.

Jua lilipozama kilio kikaanza. Milango yote ikafungwa, ta, ta, ta, mtaa mzima. Orpa alisimama nyuma ya mlango wake, anasikia kile kilio kinapungua, kinakwenda kukoroma. Mungu wangu! Akashika kigae, akatoka nje, akapaza sauti: "Nani anaenda na mimi kuomba moto?"

Mlango mmoja ukafunguka. Kisha mwingine. Wanawake tisa wakapanda kwa Kamate, kila mmoja na kigae chake, wakagonga mpaka komeo likatikisika. Kamate akafungua kidogo.

"Ni shetani, bamama. Murudie kwenu."

"Sawa," Orpa akasema, na mguu wake tayari uko ndani. "Tulikuya kumuomba huyo shetani moto."

Walimkuta Kaswera sakafuni, shingo ina alama za vidole, pumzi bado ipo. Wakambeba mpaka kwa Orpa, akakaa huko. Baba yake alipofika na mbuzi wake mwingine, wanawake walewale walimrudisha Kirumba, yeye na mbuzi. Na sauti haikusikika tena kwa Kamate.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, wanawake walikuwa wamesimama uani mwa kanisa wakisalimiana. Harufu ya udongo mbichi ikapita. Halafu kutoka nyumba ya Ésaïe, nyuma ya kanisa, mwanamke akalia: "Macho yangu! Macho yangu!"

Ilikuwa sauti ya Jokébed, mke wa Ésaïe. Na Jokébed alikuwa katikati yetu, Biblia kwapani, mdomo umefungwa.

"Hapana kuitika!" Ésaïe akapiga kelele kutoka mlango wa kanisa.

Jokébed hakumtazama. Alimgeukia Kaswera.

"Kwako," akauliza polepole, "ikilia, ilikuwa inachukua siku ngapi mpaka itimie?"

"Ni siku ile ile," Kaswera akajibu, akamshika mkono. "Leo hapana kurudi kwako."