Aliyekaa Kiti cha Mbele

Jirani yetu, yule mpokea simu wa kiwanda cha magodoro, haoni tangu utotoni, lakini kila Jumamosi alikuwa anapanda mlima kwa baiskeli. Baiskeli ya watu wawili: mumewe mbele kwenye usukani, yeye nyuma. Pedali zote zimefungwa kwa mnyororo mmoja. Akizungusha mmoja, miguu ya mwenzake lazima izunguke.

"Usitegee huko nyuma, nakuona," mumewe alikuwa akimtania.

"Anayetegea ni wewe. Goti lako limekusemea."

Kweli, goti la kulia la mumewe lilikuwa bovu. Kila mzunguko mguu ulikwama kidogo juu, kisha ukasukuma kwa hasira. Mwanamke yule aliijua miguu ile kuliko alivyowahi kujua uso wa mtu yeyote.

Kisha mume akafa. Alikwenda mlimani na mdogo wake kwa baiskeli ile, wakateleza kwenye kona, yeye akatumbukia korongoni. Mdogo mtu akarudi usiku, akikokota baiskeli peke yake. "Alikufa palepale, shemeji. Hakuteseka." Mjane alilala na neno hilo, akaamka nalo, mwaka mzima. Angeshika nini kingine, maskini?

Asubuhi moja shemeji akaja. "Utaozea humu ndani. Twende tukapunge upepo." Akakubali, maana alikuwa ameukumbuka mlima mpaka basi.

Walipanda vizuri, shemeji mbele kwenye usukani. Miguu ya shemeji ilikuwa myepesi, haina shida. Walipokaribia juu ukungu ukawashukia, aliusikia shingoni. Ndipo pedali ikakwama kidogo, kisha ikasukumwa kwa hasira.

"Shemeji, utani huo siupendi," akasema.

"Utani gani?"

"Wa goti."

Shemeji akanong'ona, "Acha kuzungusha. Mimi nimeshainua miguu."

Naye alikuwa ameinua yake. Pedali zilizidi kuzunguka. Zilimgonga visigino. Zinakwama, zinasukuma. Baiskeli ikapanda mpaka kwenye kona ile ya ajali, ikasimama yenyewe.

Shemeji akaanza kulia, na hakuwa anamlilia mjane. "Kaka, niliogopa kushuka. Nilikusikia. Uliita mpaka giza likaingia, nilikusikia."

Mpaka giza. Na saa zote hizo mjane alikuwa jikoni, anampikia mtu aliyekuwa anaita korongoni.

"Ulimwacha?" akauliza.

Shemeji aliruka chini akakimbia. Hatua zake zilipotea kwenye ukungu. Mawe yakaporomoka. Kimya.

Mjane akabaki pale, mguu mmoja chini, haoni, hana wa kumwongoza. Akasikia springi za kiti cha mbele zikibonyea. Alinyoosha mkono. Ulikuwa mgongo. Umeloa, wa baridi. Hakuuliza ni nani. Akainua miguu, akabebwa mpaka nyumbani.

Mama mkwe ndiye aliyefungua geti. Aliona baiskeli inaingia na mtu mmoja tu, tena nyuma. Akaushika mkono wa mkwewe, akaunusa, akakaa chini. Kiganjani mlikuwa na udongo mbichi, mwekundu, kama ule wa kaburi la mwanawe, na mlima ule ni mawe matupu.

"Mdogo wake yuko wapi?" mama aliuliza. Huyo ndiye mtoto pekee aliyembakia.

Kesho yake watu wakaenda kumtafuta. Waliita mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe wakamleta mjane ukingoni mwa korongo, kwa kuwa masikio yake hayana mfano.

Mama mkwe alimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Unamsikia?"

Alimsikia. Chini kabisa shemeji alikuwa anaita, sauti imebaki uzi. Na karibu naye kulikuwa na sauti nyingine, ya taratibu, iliyomwitikia kila alipoita.

"Simsikii, mama," akasema. "Turudi. Baridi imezidi."