Kibao Kilichotoweka Kwenye Gari la Baba

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mama Sponji alifungua banda la marehemu baba yake akakuta wezi wameingia. Ila gari lilikuwapo.

Lilikaa chini ya turubai kama lilivyokaa tangu msiba, milango yake miwili imefungwa, mgongo umejikunja kama wa kobe. Lakini aliponyanyua boneti, kile kibao cha bati chenye namba ya gari, kilichofungwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, hakikuwapo. Palibaki alama ya mraba yenye rangi safi, na katika pembe zake nne skrubu nne, kila moja ndani ya tundu lake.

Alifanya kama afanyavyo kila akikwama. Alifumba macho, akamwomba Mungu ampe utulivu kwanza, na hasira baadaye kama nafasi itabaki. Alipofumbua, alitoa daftari lake la vipimo vya wateja akaandika. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo, ambao Jumamosi saa kumi jioni ulimtoa jasho, leo umezunguka mara moja. Skrubu zimerudishwa.

Kazi yake ilikuwa kushona viti: makochi, viti vya ofisini, viti vya magari. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Sponji, na hata yeye alikuwa karibu kulisahau jina lake la kubatizwa. Gari lile baba aliwaachia watoto wake wawili, yeye na mdogo wake wa kiume, dereva wa lori. Dada alitaka libaki, alishone viti upya, lipeleke maharusi. Mdogo wake alitaka liuzwe, kwa sababu, alisema, gari lisilotembea ni kabati. Walibishana wiki mbili, mwisho wakakata shauri. Ijumaa angekuja mtaalamu wa magari ya kale kulitambua. Akitoa cheti kwamba ni gari halisi, linabaki. Asipotoa, linakwenda kwa dalali, naye hakuficha kwamba atalikata vipande. Na mtaalamu alikwisha kusema kwenye simu: bila kibao, hakuna cheti.

Saa nne asubuhi ile ile alikuwa ofisini kwa dalali, ambaye watu walimwita Bei Nzuri kwa kejeli. Mwenye duka la dawa alikuwa amemwona akizungukazunguka banda Jumapili, saa nane mchana.

Bei Nzuri hakukana. Alikuwa amekwenda na futi, akachungulia kwenye ufa wa mlango, akakadiria urefu wa gari ili ajue lori gani litalibeba.

"Kwa hiyo unajua kwamba kibao kikipotea, gari ni lako," Mama Sponji alimwambia.

"Mdogo wako aliniambia. Lakini, mama, nitapitaje? Mimi na tumbo hili, kwenye ufa?"

Mama Sponji alilitazama lile tumbo, akaandika kwenye daftari: *hakupita kwenye ufa.*

Jumanne saa tisa alasiri mdogo wake alirudi safari. Funguo za banda alizozijua zilikuwa mbili, mmoja wake, mmoja wa mdogo wake, na ambaye hakuvunja kufuli lazima awe na ufunguo. Kumhoji mtu uliyembeba mgongoni si kazi nyepesi. Alimpa maji ya kunywa, akamwuliza alipokuwa Jumapili.

"Dada, unaniuliza mimi?"

"Nimeanza na wa mbali, sasa nimefika kwa wa karibu. Usinune."

Akanuna, lakini alitoa risiti za mizani za barabarani. Jumamosi saa moja jioni alikuwa mizani ya kwanza, Jumapili saa tano asubuhi mizani ya pili, mbali kabisa, na ufunguo ukiwa kwenye shada moja na wa lori. Kisha, bado amenuna, akatoa kadi ya gari, yenye namba yake, ambayo baba alimpa atunze. Dada hakuwa ameiona tangu msiba.

Hapo ndipo shauri lilipogeuka. Jumamosi Mama Sponji alikuwa ameweka karatasi juu ya kibao akaisugua kwa penseli, jinsi anavyonakili nakshi za viti vya mbao, hata namba ikajichora. Aliiweka karatasi ile kando ya kadi. Kadi ilimalizika kwa 418. Kibao kilimalizika kwa 672.

Alikwenda bandani, akang'oa kiti cha nyuma. Mtu mwingine asingejua kwamba chini ya viti vya zamani mna mengi, ila yeye alikuwa ameshaokota huko meno ya bandia na barua ya mapenzi. Alikwangua kutu kwenye fremu. Namba iligongwa ndani ya chuma chenyewe, na mwisho wake ulikuwa 418.

Kwa hiyo gari lilikuwa la kweli, na kibao kilichoibwa ndicho kilichokuwa mgeni. Aliyekichukua hakutaka kulificha gari. Alitaka kuificha tofauti ile.

Jumatano alishinda kwenye cherehani, akiomba na kufikiri kwa pamoja, maana mikono yake haikuhitaji kichwa. Baba yake alilala kitandani mwaka mzima kabla ya kufa, hawezi hata kukaa. Ila kila Jumamosi, mwaka ule wote, injini ya gari ilisikika ikiunguruma bandani. Mdogo wake alikuwa safarini. Yeye alikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Basi nani alikuwa akifungua?

Akalijua jibu, akatamani asilijue.

Alhamisi saa kumi na moja jioni aliwaita watatu kwenye karakana yake: mdogo wake, Bei Nzuri, na Mzee Spana, makanika aliyekuwa rafiki wa baba yao tangu ujana, ambaye wao walimwita Baba Mdogo. Juu ya meza palikuwa na kiti cha zamani chenye kibao kidogo cha bati mgongoni, kimefungwa kwa skrubu nne. Aliwaomba, mmoja baada ya mwingine, wamtolee kibao kile, na kila mara akakifunga upya.

Bei Nzuri alizitupa skrubu sakafuni, moja ikapotea chini ya kabati. Mama Sponji alitafuta nyingine. Mdogo wake alizitia mfuko wa shati. Mzee Spana alikitoa kibao, akakilaza mezani, kisha vidole vyake, huku mwenyewe akieleza habari za mvua, vikarudisha skrubu zote nne kwenye matundu yake.



"Baba Mdogo," Mama Sponji alisema kwa upole, "mwizi wetu alifanya hivyo hivyo. Tena alilitia kufuli mafuta. Sijapata kusikia mwizi anayeacha mlango ukiwa mzima kuliko alivyoukuta."

Mzee aliitazama mikono yake kama watoto waliomtia aibu mbele ya wageni.

"Kufuli lilikuwa linalia, mwanangu," alisema. "Nisingeweza kuliacha linalia."

Alikaa, akaeleza. Ufunguo wa tatu rafiki yake alimpa alipoanza kuugua, ili aliwashe gari kila Jumamosi. Miaka thelathini na mmoja nyuma gari liligongwa mbele, baba yao akalazwa hospitali miezi miwili. Aliagiza rafiki yake alitengeneze bila kubadilisha kitu, kila chuma kiwe cha asili. Ukuta wa injini ulikuwa umekunjika kama karatasi. Mzee Spana alijaribu kuunyoosha wiki tatu, ukakataa. Akaununua ukuta wa gari la aina ile ile lililokufa, akaupachika pamoja na kibao chake, maana cha kwanza kilikuwa kimepinda, akapaka rangi. Rafiki yake alitoka hospitali akamkumbatia mbele za watu, na tangu siku hiyo akajisifu kila mahali kwamba gari lake halina hata chuma kimoja cha kuazima.

"Kila alipojisifu nilitaka kusema. Ikapita wiki, ikapita miaka. Mwisho amekufa akinisifu. Nikasema, huyo mtaalamu akiona namba mbili zinapingana, atasema marehemu alikuwa mwizi wa magari au mwongo. Nikaona bora asome ya chini ya kiti tu, aende zake."

"Hatoi cheti bila kibao," mdogo mtu alisema. "Gari lilikuwa likatwe vipande, Baba Mdogo."

Mzee alikuwa hajui. Uso wake ulibadilika hata Bei Nzuri akamsogezea kiti chake mwenyewe. Ndipo Mama Sponji akauliza swali alilolihifadhi. Fundi asiyepoteza skrubu aliwezaje kutupa kibao cha kwanza?

Hakukitupa. Kilikuwa nyumbani, kimefungwa kwenye kitambaa cha flaneli, kimepinda kona moja. Mwisho wake 418. Kando yake palikuwa na kile cha 672.

Mama Sponji alimshika mkono. Alimwambia amesamehewa, ila kesho atasema ukweli wote mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sababu hatalipeleka gari la uongo kwa bibi harusi yeyote.

Ijumaa saa tatu mtaalamu alisoma fremu, akasoma vibao vyote viwili, akamsikiliza mzee hadi mwisho. Kisha akainama na tochi akautafuta ule ukuta ulipoungwa. Alitafuta kwa dakika ishirini. Ilibidi Mzee Spana amwonyeshe kwa kidole.

Akaandika: gari halisi, ukuta wa injini ulibadilishwa. Akauliza aandike ni nani aliyeubadilisha. Mzee alijikohoza, akalitaja jina lake kamili, akasimamia kalamu hadi herufi ya mwisho.

Mdogo mtu alitimiza ahadi yake, japo alidai apewe zamu ya kuendesha. Bei Nzuri, kwa kuwa hakuna alichopata, aliuliza kama wanaweza kumkodishia gari kwa harusi ya binti yake.

Mama Sponji alikuwa wa kwanza kushika usukani. Alimfungulia Mzee Spana mlango wa abiria, naye akasita, maana miaka yote hiyo alilijua gari lile kwa kulala chini yake, hajapata kukaa ndani lilipokuwa likitembea. Akaingia, akaweka kofia magotini. Gari liliruka mara mbili kama mbuzi, likashika barabara.

"Taratibu na klachi, mwanangu," alisema. "Huui nge." Kisha akaegemea kiti, akafungua kioo, akatazama nje.