Nguo ya Kompyuta

Kila alipotoka shuleni, Makeke alivua sare, akala, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona. Jina hilo alipewa akiwa mdogo, kwa kuwa hakuweza kutulia mahali pamoja hata chakula kishuke tumboni. Kazi yake ilikuwa kufagia vinyuzi na vipande vya vitambaa, halafu kuwasha kompyuta. Mama alidarizi nembo za shule kwenye masweta, na kila nembo ilichorwa kwanza kwenye kompyuta ndipo ikapelekwa kwenye mashine ya kudarizi. Karibu na dirisha aliketi shangazi, dada wa baba, akishona kwa cherehani ya kukanyaga na kuimba kwa sauti ambayo mama alisema ingefaa kufukuzia ndege shambani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya makamo. Haikuwa na mbwembwe, lakini ilifanya kazi iliyotumwa, na Makeke aliipenda. Aliipenda mpaka siku alipokwenda kwa mjomba.

Mjomba alikuwa fundi wa kompyuta. Binti yake alikuwa rika moja na Makeke, na ukoo mzima ulimwita Yai, kwa jinsi alivyotunzwa asije akavunjika. Siku hiyo Yai alimshika binamu yake mkono akampeleka moja kwa moja chumbani. Kompyuta yake ilikuwa imebadilishwa vitu vya ndani: kumbukumbu kubwa zaidi, diski mpya, tena kasha lenye ubavu wa kioo ambamo feni zilizunguka huku zikiwaka taa za buluu na zambarau. Ukibonyeza tu, picha hiyo hapo.

"Na yenu je?" Yai aliuliza. "Bado inajikongoja?"

Huenda hakuwa na nia mbaya, lakini maneno hayo yalimchoma Makeke. Alisema hongera kwa midomo tu, akakataa chai akisingizia tumbo. Njia nzima ya kurudi alijiuliza kwa nini Yai apate kila kitu. Yai hafagii. Yai hajui hata kushika sindano. Kijicho kilimkaa moyoni, na kila alipoitazama kompyuta yao aliiona imechakaa, ingawa haikuwa na tofauti na jana.

Kwa kuwa hakuweza kuipa taa, aliamua kuivisha nguo. Alichukua mabaki ya mahameli nyekundu, akayatia sponji ndani, akayashona kwa kipimo cha kasha: juu, ubavuni na nyuma, akaacha nafasi ya kitufe na nyaya tu. Mbele akadarizi maua. Wateja wakasifu, na shangazi akasema kompyuta sasa imekuwa bi harusi, imebaki mahari tu. Makeke akatamani Yai apite aone.

Haukupita muda kompyuta ikaanza kuugua. Nembo zilizokuwa zikifunguka mara moja sasa zilisuasua. Kompyuta ikawa inanguruma, kisha inazimika yenyewe kazi ikiwa katikati, na mama anaanza kuchora upya. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri masweta alifika kuuliza kama apeleke kazi yake kwingine.

Alasiri moja mama na shangazi walikwenda kununua nyuzi. Makeke akaivua kompyuta nguo ili aongeze ua ubavuni. Kasha lilikuwa la moto kama pasi. Alidarizi taratibu huku akifungua nembo moja baada ya nyingine, na kompyuta haikuzimika. Ilikwenda upesi kama zamani. Alipogusa tena kasha, lilikuwa limepoa. Hapo akaelewa. Matundu ya kutolea joto yalikuwa nyuma na ubavuni, na aliyeyaziba ni yeye.

Alikusudia kusema. Lakini mama aliingia amechoka, akatua mfuko, akasema, "Nimezungumza na mjomba wako. Nimemwomba anitafutie vitu kama vile alivyomwekea Yai. Hii yetu naona imezeeka."

Makeke akasahau alichokusudia kusema. Aliziona zile taa za buluu zikiwaka kwao. Alimwona Yai akiingia na kukosa la kusema, na picha hiyo ilikuwa tamu mno.

"Imezeeka kweli, mama," akasema. Mama alipogeuka, akairudishia kompyuta nguo yake.

Siku zilizofuata furaha yake ilikuwa na mwiba. Kila kompyuta ilipozimika mama alishika kichwa, naye Makeke akazidi kuinamia ufagio. Kisha jioni moja alimkuta shangazi hashoni. Alikuwa akiifuta cherehani yake na kuitia mafuta, uzi wake ameshauondoa. Makeke akauliza kulikoni.

"Inauzwa," shangazi alisema. "Ni ya mama yako, naye hana pengine pa kupata hela ya vitu vya kompyuta. Mnunuzi anakuja kesho."

"Na wewe utashonea nini?"

"Nitatafuta kazi kwingine, mwanangu. Kompyuta ndiyo inayoleta wateja. Mimi nina mikono tu."

Aliyasema bila kinyongo, na hilo ndilo lililouma. Hata hivyo wivu haukumwachia Makeke upesi. Ulimnong'oneza kwamba shangazi ni mtu mzima, hatakosa pa kwenda, na Yai atafunga mdomo. Makeke akajichukia kwa kuwaza hivyo. Akamfuata mama mezani alikokuwa akikata kitambaa.

"Mama, kompyuta haijazeeka. Ni ile nguo niliyoishonea, imeziba matundu ya joto. Nilijua tangu siku mliyokwenda kununua nyuzi. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe kama ya Yai."

Mama aliweka mkasi chini. Hakukaripia.

"Mnunuzi akija kesho," mama alisema, "utamwambia wewe."

Mnunuzi alikuja na mkokoteni wa kukodi. Makeke alisimama mlangoni, akamweleza kwamba cherehani haiuzwi tena, na kwa nini. Yule bwana alilalamikia mkokoteni wake, akalalamikia watoto wa siku hizi, akaondoka. Makeke alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baadaye mjomba alifika pamoja na Yai. Aliivua kompyuta ile nguo, akafungua kasha, akatoa kwa brashi vinyuzi vilivyojisokota kwenye feni, akaiweka kompyuta mbali na meza ya kukatia vitambaa. Ikawaka, ikatulia, nembo zikafunguka. Mama akauliza kama bado kuna haja ya vitu vipya.

"Leo hakuna," mjomba alijibu. "Ya Yai nilibadilisha kwa sababu diski ilikufa na kazi zake za video zilikuwa zimeishinda. Yenu inamudu kazi yenu. Ikikwama siku moja ilhali ni safi, niite nitafute kinachokwama, tubadilishe hicho peke yake."

"Na zile taa?" Makeke aliuliza.

"Hazina kazi yoyote. Nilimwekea ili anipe amani."

Wote wakacheka, Yai mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini hata katikati ya kicheko, Makeke alimtupia binamu yake jicho, na wivu ukampitia tena kidogo. Mama alimwona. Akangoja mpaka wageni walipoondoka, akamkalisha mbele ya shangazi.

"Wivu utakuja tu, mwanangu, hata mimi hunijia," alisema. "Ubaya ni kuufuata unakokutuma. Ulikutuma kuvisha kompyuta nguo, ukaenda. Ukakutuma kudanganya, ukaenda. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tulikaribia kuacha zaidi ya mbacha. Kompyuta ikifa kweli, tutanunua nyingine. Shangazi yako tungemnunua duka gani?"

Makeke alimgeukia shangazi akamwomba radhi, machozi yakimtoka, na shangazi akamvutia kigoda akae karibu naye.